Kuku Kwenye Kaunta ya Gazeti

Kawangware,
kupitia duka la Virginia.
4 Machi 1974

Kwa Bibi Kanyiva Nzomo,
Mwandishi wa ukurasa wa "Tembea Uone",
Gazeti la Taa ya Jiji, Nairobi.

Bibi,

Pokea salamu zangu ingawa hunijui. Mimi ni Nanjala, mke wa Zadock Wafula, mama wa Hannah ambaye ana miezi tisa. Nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hivyo ukikuta mahali nimekosea, ruka tu kama unavyoruka dimbwi.

Ukurasa wako niliupata kwa sababu ya matumbo. Nilinunua Dagoretti, mwuzaji akanifungia kwa gazeti, na nilipofungua nyumbani nikaona habari yako ya yule mzee wa Limuru anayefuga nyuki. Damu ilikuwa imelowesha nusu. Ile nusu nyingine nilisoma mara tatu. Nikasema, huyu mama ana macho.

Bibi, sisi kazi yetu ni kutembeza watalii. Zadock alikuwa dereva miaka sita kwa Mzungu mmoja wa safari, hapo Westlands. Mzungu aliporudi kwao alimwachia kombi moja kuukuu, kama asante. Madereva wenzake wote wanapeleka wageni kuona simba. Mimi nikamwambia, "Baba Hannah, simba hawezi kumwambia mtu karibu. Walete nyumbani." Basi mgeni anachukuliwa mjini, anapitishwa Westlands, anafika Dagoretti sokoni anachagua nyama yake mwenyewe karibu na machinjio, halafu anakuja kwangu. Anasaga wimbi kwenye jiwe. Anasonga ugali mpaka jasho linamtoka. Anakula, anambeba mtoto akitaka, na jioni anarudishwa hotelini kwake.

Tangu Januari tumepata wageni watano. Mama mmoja mzee wa Uholanzi alilia wakati wa kuaga. Lakini watano ni watano, na anayejua habari yetu ni nani?

Sasa nikuambie neno lenyewe. Zadock ameitwa na watu wa malori yanayokwenda Zambia. Mtu akishika barabara ile, nyumbani huonekana mara mbili kwa mwaka. Amesema sikukuu ya Madaraka ikipita na wageni bado ni hawa wa kuhesabu kwa vidole, anauza kombi na kwenda. Ni miezi mitatu kutoka leo.

Njoo utuone, Bibi. Ukiona ni bure, usiandike. Chai utakuwa umekunywa.

Ni mimi ninayengoja,
Nanjala

*

Taa ya Jiji,
Nairobi.
12 Machi 1974

Mama Hannah,

Kila wiki ninapata barua kumi za watu wanaotaka niwaandike, na tisa zinaingia kwenye kapu. Yako imepona kwa sababu ya yale matumbo.

Lakini tuelewane mapema. Anayetaka tangazo aende dirisha la matangazo, ghorofa ya chini. Mimi ninaandika habari. Kusema kazi yenu ni nzuri si habari; sijakutana na mtu anayesema kazi yake ni mbaya.

Nijibu haya, kwa ufupi. Mgeni anapata nini kwako ambacho hawezi kukipata kwa mwingine? Kati ya hao watano, yuko ambaye ninaweza kumwuliza mwenyewe? Na hili ndilo gumu: watalii hawasomi Kiswahili. Hata nikijaza ukurasa mzima, utakusaidia nini?

Kanyiva Nzomo

*

Kawangware.
17 Machi 1974

Bibi Kanyiva,

Barua yako imenifikia nikifua. Nilikausha mikono kwanza.

La kwanza. Kwingine mgeni anatazama. Kwangu anatumwa. Alikuja kijana mmoja Mfaransa, mrefu, na kamera tatu shingoni. Akataka kunipiga picha nikipuliza moto. Nikamwambia, "Weka hizo, puliza wewe." Akapuliza, majivu yakamrukia usoni, jirani yangu Peres akacheka mpaka akakaa chini. Peres ni Mjaluo, hana siri. Akamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, kwenu mnapika na nini, na barua?" Zadock akamtafsiria. Yule kijana alicheka zaidi ya Peres. Picha hakupiga hata moja, na alisema hiyo ndiyo siku atakayoikumbuka.

La pili. Yuko mwalimu wa Kijerumani anayekaa Parklands, Bibi Helga. Nimemwuliza, amekubali. Anwani yake nimeandika nyuma ya karatasi hii.

La tatu nimelifikiria siku mbili. Ni kweli Mzungu hasomi Kiswahili. Lakini Mzungu akiamka hotelini anamwuliza nani, "Leo niende wapi?" Anamwuliza bawabu. Anamwuliza mpokea wageni, na dereva wa teksi, na yule anayemletea mayai. Hao wote wanasoma Taa ya Jiji, nimewaona, wanaanza na mpira halafu wanakuja kwako. Ukiandika, wao ndio watasema. Mimi siwezi kuingia hoteli zile kuongea nao, nikiwa na mtoto mgongoni ninafukuzwa mlangoni. Gazeti halifukuzwi.

Kuna jambo moja ninakuomba. Ukija usiseme nilikuandikia. Zadock hajui. Yeye kila siku ni "chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Mimi ninamjibu kimoyomoyo kwamba hata sukuma wiki nzuri sokoni hupangwa mbele na kunyunyiziwa maji. Lakini ni mume wangu na ana heshima zake. Afikiri umesikia habari zetu kwa watu.

Jumamosi yoyote, saa tatu asubuhi, kombi iko karibu na Soko la Mjini. Ni ya kijani, mlango mmoja ni mweupe.

Wako,
Nanjala

*

Kawangware.
8 Aprili 1974

Dada Kanyiva,

Naomba nikuite dada, maana uliyeosha vyombo kwangu huwezi tena kuwa Bibi.

Asante kwa siku ya Jumamosi. Ulisaga wimbi vibaya, nisikudanganye, lakini ulisaga. Zadock tangu uondoke anapiga mluzi. Ananiambia, "Unaona? Nilikuambia watu watasikia wenyewe." Nikamwongezea chai.

Kitu kimoja kimenichoma. Uliondoka haraka ukikimbilia basi, nikabaki mlangoni na aibu yangu. Kwetu Bungoma mgeni wa mara ya kwanza haondoki mikono mitupu. Kwa hivyo ninakutumia kuku huyu. Anakuletea Oloo, mume wa Peres, ambaye anafagia ofisi jirani na yenu. Nimemfunga miguu vizuri. Ulisema habari inachapwa Jumamosi hii, basi akupate mapema, ule kabla.

Dada yako,
Nanjala

*

Taa ya Jiji,
Nairobi.
10 Aprili 1974

Mama Hannah,

Zawadi yako siwezi kuipokea. Nimemtuma tarishi wa ofisi airudishe, pamoja na barua hii.

Mhariri wetu, Bwana Dedan, amemwona huyo kuku, na habari yenu imesimamishwa. Nadhani unaelewa ni kwa nini.

Tena, niliona siku ile kwamba hukugusa nyama ya kuku uliyotupikia. Ulikula mboga ya mrenda peke yake. Mama anayenyonyesha asijinyime ili kumshibisha mwandishi wa gazeti.

K. Nzomo

*

Kawangware.
15 Aprili 1974

Dada Kanyiva,

Nimejaribu kuelewa ni kwa nini. Tarishi wenu alimweka kuku juu ya meza, akanywa maji, akaenda. Kuku na mimi tukabaki tunatazamana.

Nikampelekea Peres barua yako. Akaniuliza, "Kwani ulimpa kuku gani?" Nikasema yule mwenye madoa. "Yule mwembamba? Nanjala! Mhariri mzima, umpelekee kuku ambaye hata paka anamwonea huruma?" Hapo nikaelewa. Dada, nisamehe. Sikutaka kuwadharau. Yule ndiye anayetaga kuliko wote, nilitazama mayai, sikutazama nyama. Sasa ninakutumia jogoo. Ni mwekundu, ni mzito, Oloo amelalamika njia nzima. Mgawane wewe na Bwana Dedan.

Lakini nikwambie, kumrudisha kumeniumiza. Kwetu ukimrudishia mtu kuku wake umesema, "Mlango wako sitaupita tena." Nimekosa nini? Uliingia, ulicheka, ulimwimbia Hannah wimbo wa Kikamba mpaka akalala.

Na habari ya kula, mbona hukuniuliza? Sikujinyima. Nyanya yangu aliyenilea alikuwa na sheria zake: mwanamke hali kuku. Siku hizi wenzangu wanakula, hata mashemeji wananicheka, lakini mimi nikimtia mdomoni ninamwona nyanya amesimama. Kwangu kuku ni wa mgeni. Ndiyo maana hakuna kitu kikubwa zaidi ninachoweza kumpa mtu. Mrenda ninaupenda, na maziwa ninayo mpaka yanachuruzika.

Ninaandika haya Zadock akiwa nje anaosha kombi. Juzi aliniuliza, "Nikienda Zambia, utaweza?" Nikamwambia, "Nenda tu. Ni wanawake wangapi waume zao wako mbali, na watoto wanakua?" Nilikuwa ninasonga ugali, nikainama asinione uso.

Ni uongo, dada. Sitaki aende. Yeye ndiye anayemkata Hannah kucha, mimi naogopa. Anapofika huwa hapigi honi, anazima gari mbali na kulisukuma mpaka mlangoni ili mtoto asiamke. Akienda, Hannah ataanza kutembea na yeye atasoma habari hiyo kwa barua, kama mtu wa nje. Mimi nami nilikua na baba wa barua. Uso wake niliujua nikiwa na miaka saba, nikamkimbia. Sikukutafuta wewe ili tutajirike. Nilikutafuta ili mtu mmoja asiondoke kwangu.

Kama jogoo naye hatoshi, niambie wazi kinachotosha.

Nanjala

*

Taa ya Jiji,
Nairobi.
22 Aprili 1974

Nanjala mdogo wangu,

Kosa ni langu. Nilikuandikia kama karani wa mahakama kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa juu yako.

Sikiliza sasa. Yule kuku wa kwanza aliwekwa kwenye kaunta. Kamba ikalegea, akapanda ngazi, akaingia kwa Bwana Dedan na kukaa juu ya karatasi zake. Karatasi ya juu ilikuwa habari yenu. Akatoka ameshika kuku mkono mmoja, karatasi mkono mwingine, akauliza mbele ya ofisi nzima: "Kanyiva, siku hizi tunalipwa kwa manyoya?" Hapa tuna sheria, Nanjala. Mwandishi akipokea kitu, hata soda, kutoka kwa mtu anayemwandika, msomaji atasema habari imenunuliwa. Si udogo wa kuku. Ungeleta ng'ombe tungemrudisha ng'ombe, tena mbio zaidi. Hilo nilipaswa kukuambia siku ya kwanza. Sikukuambia kwa sababu nilidhani kila mtu anajua.

Basi akaja jogoo! Tulimfunga chini ya meza yangu. Bwana Dedan alikuwa kwenye simu na mkubwa mmoja wa wizara, jogoo akawika. Nilisikia Bwana Dedan akisema, "La, mheshimiwa, ni mashine." Akaweka simu, akaja kwangu amefura kwa hasira, nikampa barua yako asome badala ya kujitetea.

Alisoma akiwa amesimama. Halafu akavuta kiti akasoma tena. Akasema, "Huyu hata kuhonga hajui." Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: habari niliyoandika mimi haitatoka kamwe, kwa sababu ya kuku, lakini barua yako hii itoke pamoja na ile ya kwanza, nzima, kwa maneno yako, na jina lako chini. Hakuna atakayesema imenunuliwa, maana mwenye kuandika ndiye mwenye kuku.

Nzima, Nanjala. Pamoja na Zambia. Nilimwomba aondoe sehemu hiyo, akakataa. Anasema ukikata hapo kinabaki kichekesho cha jogoo, na hakuna bawabu atakayekumbuka kichekesho siku mbili. Kwa hilo nakubaliana naye, ingawa sikupenda kukubaliana.

Lakini ni nyumba yako. Zadock hajui uliniandikia, wala hajui ulichonacho moyoni. Atajua vyote siku moja, pamoja na watu elfu nyingi. Ukisema hapana, barua yako narudisha, na mimi na wewe tunabaki kama tulivyo. Fikiria bila haraka.

Jogoo sikumrudisha, sasa najua maana yake. Bwana Dedan amempeleka kwenye nyumba ya watoto yatima, na akadai stakabadhi.

Dada yako,
Kanyiva

*

Kawangware.
29 Aprili 1974

Dada Kanyiva,

Nilicheka ile ya mashine mpaka Hannah naye akacheka bila kujua. Halafu nikafika kwenye Zambia, sikucheka tena.

Nimekaa na barua yako siku nne. Nimeiweka ndani ya debe la unga. Zadock si mtu wa kupayuka mambo yake. Madereva wa pale mjini wana midomo kama wembe. Wakisoma kwamba mke wake anamlilia gazetini watamfanya wimbo. Na anaweza kuniambia, "Nanjala, umenivua nguo barabarani." Atakuwa na haki.

Nimejaribu kumwambia kwa mdomo kwanza, ili gazeti lisimkute hajui. Mara mbili. Mara ya kwanza nilifungua mdomo, Hannah akalia. Mara ya pili hakuna aliyelia, Zadock alikuwa ameketi ananitazama, na mimi nikaishia kumwuliza kama chumvi inatosha. Akasema inatosha.

Tangu harusi yetu sijamwambia neno la hivi. Sisi kwetu hatuambiani maneno hayo. Tunawekeana maji ya kuoga, tunawekeana chakula, basi mtu ajue. Lakini maji ya kuoga hayamzuii mtu kwenda Zambia. Anadhani ninamtuma. Yeye akienda akidhani ninamtuma, nitakuwa nimemfukuza mwenyewe.

Chapeni. Msikate. Mwongeze tu chini kwamba kombi iko karibu na Soko la Mjini kila Jumamosi saa tatu, na kwamba ni ya kijani.

Ikiharibika, dada, usijilaumu. Ni mimi nimesema chapeni.

Nanjala

*

Kawangware.
13 Mei 1974

Dada Kanyiva,

Imetoka. Oloo alileta nakala tatu, Peres akasoma kwa sauti pale kwenye bomba la maji, wanawake wakaacha ndoo zikijaa na kumwagika. Alipofika pale alipotajwa yeye mwenyewe na paka, alisoma mara mbili.

Mabawabu wamesoma, dada. Jumamosi ileile bawabu wa hoteli moja alimletea Zadock Waingereza wawili mkononi, kama amekamata wezi. Leo Virginia amenipa dukani majina ya watu saba walioacha ujumbe. Mmoja ni Mhindi wa Parklands, ana familia nzima, anasema amezaliwa Nairobi na hajawahi kula katika nyumba ya Mwafrika. Yeye sikumfikiria kabisa nilipokuwa ninafikiria watalii.

Lakini Zadock. Madereva walimsomea pale mjini kabla hajashika gazeti mwenyewe. Wanamwita "Bwana Kata-Kucha." Aliwachukua wale Waingereza, akawatembeza vizuri, akawarudisha. Akaja nyumbani, akaweka gazeti juu ya meza limekunjwa, akamchukua Hannah. Siku ya tatu leo. Anaongea na Hannah tu. Asubuhi amevaa shati la kanisani, akachukua zile karatasi za watu wa malori kutoka chini ya godoro, akaenda. Kombi ameiacha.

Wageni nimepata. Sijui kama nimewapata badala yake.

Nanjala

*

Nairobi.
13 Mei 1974

Kwa Mhariri, Taa ya Jiji.

Bwana Mhariri,

Mimi ni Zadock Wafula, dereva. Ninaandika nikiwa posta, kwa kalamu yao iliyofungwa kwa mnyororo, kwa hivyo nitakuwa mfupi.

Gazeti lenu la Jumamosi, tarehe 11, ukurasa wa saba, lilisema kwamba mume wa Nanjala wa Kawangware atauza kombi yake na kwenda Zambia baada ya Madaraka. Habari hiyo si kweli. Leo saa nne nimewarudishia watu wa malori karatasi zao, mbele ya shahidi. Kombi haiuzwi. Jumamosi ijayo nafasi zimejaa, na inayofuata zimebaki mbili.

Naomba msahihishe. Watu wakisoma kwamba sipo, hawatakuja.

Tena naomba masahihisho hayo yawekwe ukurasa uleule wa saba, katikati, kwa herufi za kuonekana. Huo ndio ukurasa anaosoma mke wangu. Nimejaribu kumwambia mwenyewe tangu Jumamosi, nimeshindwa pa kuanzia.

Wenu,
Z. Wafula